Njia ya Mwongo ni Fupi: Masimulizi ya Safari baina ya Marafiki katika Mpaka wa Rwenzori tangu 1888

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya masimulizi ya safari yanayotolewa baina ya marafiki katika historia ya eneo la mpaka lililo kusini mwa Milima ya Rwenzori, hususan Nyakiyumbu, Bwera na Katwe katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba simulizi la safari katika eneo hili ni kazi ya wenzi wa safari kwa pamoja, ilhali maandishi mengi yaliyobaki yamehifadhi sauti ya mmoja wao tu. Hoja hiyo inafuatiliwa kupitia vipindi vitatu: msafara wa 1888 na 1889, urafiki wa Isaya Mukirane na Tom Stacey ulioanza 1954, na ugonjwa wa Ebola uliovuka mpaka Juni 2019. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu namna masimulizi ya aina hii yanavyoweza kukusanywa bila kuwahatarisha wanaoyatoa.

1.0 Utangulizi

Kaunti ndogo ya Nyakiyumbu iko karibu na mji wa Bwera, mahali ambapo miteremko ya kusini ya Rwenzori inateremkia tambarare za Ziwa Edward. Upande wa magharibi uko mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaovukwa kwa barabara Mpondwe kuelekea Kasindi. Upande wa mashariki iko Katwe yenye ziwa la chumvi. Kaskazini uko mlima wenyewe, ambao vilele vyake vya juu vina theluji. Mkaazi wa eneo hili hana haja ya kwenda mbali ili awe msafiri. Kwenda sokoni, kumtembelea shemeji ng'ambo ya mto, kufuata chumvi au kumpeleka mgonjwa hospitali ni safari zinazoweza kumvusha mpaka wa nchi, wa lugha na wa mamlaka.

Kwa sababu hiyo, habari za safari hazikuwa burudani ya jioni peke yake. Zilikuwa maarifa ya kazi. Aliyerudi alieleza mto umejaa kiasi gani, chumvi inabadilishwa kwa nini, askari wamekaa wapi, na nyumba ipi ilimpa maji. Aliyesikiliza alijua kwamba wiki ijayo huenda akapita palepale. Watafiti wa historia ya eneo hili wametumia zaidi taarifa za maofisa, shajara za wapelelezi na kumbukumbu za wamisionari. Masimulizi ya marafiki yametajwa kama chanzo cha pembeni, cha kuongezea rangi. Makala hii inayachukulia kama chanzo chenye kanuni zake, na inauliza kilipotea nini kila yalipoandikwa na mtu mmoja.

2.0 Kyaghanda na kanuni ya shahidi

Miongoni mwa Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo, ambao ni jamaa wa karibu kwa lugha na nasaba, kyaghanda ni mahali pa kukutania pa ukoo. Hapo wazee hukaa na moto, wageni hupokewa, mashauri hukatwa na vijana hufunzwa. Hapo pia ndipo msafiri hutoa habari za alikotoka. Mpangilio huo unafanana na ule wa baraza la pwani, ingawa mazingira ni tofauti: simulizi halitolewi na mtu aliye peke yake mbele ya hadhira ngeni, bali mbele ya watu wanaomjua, na mara nyingi mbele ya mwenzake aliyesafiri naye.

Uwepo wa mwenza huyo ndio unaolipa simulizi uzito. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, na methali hiyo inaeleza vizuri kanuni inayofanya kazi hapa. Msimulizi akizidisha, mwenzake humrudisha. Akisahau kijito, mwenzake hukitaja. Akikwepa aibu iliyompata, kicheko cha mwenzake humfichua. Simulizi linalotoka hapo limeshahakikiwa kabla halijamfikia mtu wa tatu. Mhakiki wa vyanzo vya kihistoria angeita kazi hiyo ulinganishaji wa ushahidi, na jamii imekuwa ikiifanya kwa mazungumzo.

Urafiki wa safari katika ukanda huu ulikuwa pia na msingi wa kitaasisi. Udugu wa kuchanjiana, unaoitwa omukago kwa Watoro na Wanyankore, ulimpa mfanyabiashara mwenyeji wa kudumu katika nchi ya watu wengine. Aliyechanjiwa alipewa chakula, malazi na ulinzi, na juu ya yote alipewa habari za kweli. Kumdanganya ndugu wa damu kuhusu usalama wa njia lilikuwa kosa zito. Biashara ya chumvi ya Katwe, iliyofika Toro, Nkore na ng'ambo ya Ziwa Edward, ilihitaji mitandao ya namna hiyo, kwa kuwa mzigo wa chumvi ni mzito, huharibika ukinyeshewa, na humtamanisha kila mwenye mkuki njiani.

3.0 Mlima wa chumvi, 1888–1889

Tukio linalojulikana sana katika maandishi ya Ulaya kuhusu Rwenzori linaonyesha jinsi mwenza wa safari alivyoweza kupotea katika maandishi. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliondoka Zanzibar kwa meli akiongoza msafara wa kumwokoa Emin Pasha, akiwa na watu zaidi ya 600 walioandikishwa kisiwani. Tarehe 24 Mei 1888, karibu na Ziwa Albert, aliona theluji ya Rwenzori. Katika kitabu chake cha 1890 anaeleza kwamba kijana mmoja ndiye aliyemwelekeza macho kwenye mlima uliosemekana umefunikwa na chumvi. Stanley alitazama, akadhani kwanza ni wingu, kisha akatambua kwamba ni theluji. Tangu hapo vitabu vya jiografia vimelihusisha tukio hilo na jina lake. Jina la kijana halimo.

Neno alilolitumia kijana huyo linastahili kuzingatiwa kuliko lilivyozingatiwa. Chumvi haikuwa kosa la mtu asiyejua theluji. Ilikuwa lugha ya njia. Kusini mwa mlima huohuo palikuwa na Katwe, na chumvi ilikuwa bidhaa iliyosafiri kuliko nyingine zote katika nchi zilizouzunguka. Kuuita mlima mweupe kwa jina la bidhaa nyeupe ni kuunganisha kinachoonekana na kinachozungumzwa na wasafiri. Wakonzo wenyewe walikuwa na neno mahususi, nzururu, kwa maana ya theluji, na kutokana nalo likapatikana jina Rwenzururu. Kwa hiyo palikuwa na maarifa ya tabaka mbili kabla ya darubini kuelekezwa: maarifa ya wakaazi wa mlimani waliokuwa na neno, na maarifa ya wasafiri wa tambarare waliokuwa na mfano. Kitabu kilichukua mfano, kikausahihisha, kisha kikaandika ugunduzi.

Mwaka uliofuata msafara huo ulishuka kwa bonde la Mto Semliki. Mwezi wa Juni 1889 Luteni William Grant Stairs alipanda mlimani na kufika zaidi ya futi 10,000, akifuatana na wapagazi. Kisha msafara ulipita nchi iliyo kati ya mlima na Ziwa Edward, yaani tambarare ambazo leo ni za Bwera na majirani zake, ukafika Katwe. Mwezi wa Desemba 1889 walionusurika waliingia Bagamoyo. Habari za theluji, za chumvi na za njaa ya msituni zilifika pwani katika vinywa vya wapagazi, nazo ziliingia katika mazungumzo ya mabaraza. Zilizofika London zilichapishwa ndani ya mwaka mmoja.

Si kwamba Waswahili wa wakati huo hawakuandika safari. Tippu Tip, aliyesafiri na Stanley katika meli ileile ya 1887, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, wenye masimulizi ya watu kama Mtoro bin Mwinyi Bakari na Selim bin Abakari, huyu wa pili akieleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Katika masimulizi hayo msafiri ana jina lake. Hata hivyo aliyeyaomba, kuyapanga na kuyachapisha alikuwa mgeni mwenye dhamira yake, na wasomaji wa kwanza walikuwa Wajerumani waliokuwa wakijifunza lugha. Simulizi lililozoea kumjibu rafiki lilipata sasa kumjibu mwalimu.

Uganda ilitoa mfano wa karibu zaidi na kanuni ya kyaghanda. Mwaka 1902 Katikiro Apolo Kagwa alisafiri kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, akifuatana na rafiki na katibu wake, Ham Mukasa. Mukasa aliandika kila siku waliyoyaona kwa Kiganda, na tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa 1904. Hapa wenzi wawili wanaonekana wote katika maandishi. Mmoja ni msafiri mkuu, mwingine ni mwandishi, na msomaji anamwona kila mmoja akimsahihisha na kumshangaa mwenzake. Mfano huo unathibitisha kwamba maandishi yenyewe hayamfuti mwenza. Kinachoamua ni nani anaandika, na anamwandikia nani.

4.0 Marafiki wawili mlimani, 1954–1963

Mpaka baina ya Uganda na Kongo uliamuliwa katika mkutano wa Brussels wa 1910, nao ukawagawa wasemaji wa lugha moja. Kwa upande wa Uganda, Wakonzo waliwekwa chini ya Ufalme wa Toro. Upinzani wa Abayora ulioongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli ulikomeshwa 1921, viongozi hao watatu waliponyongwa Kagando. Habari zao ziliendelea kusimuliwa mlimani, lakini si katika shule wala katika taarifa za serikali.

Katika hali hiyo mwalimu Isaya Mukirane na wenzake walianzisha, katika miaka ya 1950, chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo. Mbinu yao ilikuwa kutembea. Walipanda vijijini, wakakaa na wazee, wakasikiliza na kuandika. Utafiti wao ulikuwa safari, na matokeo yake yalikuwa habari walizorudi nazo kwa wenzao. Kinachopaswa kusisitizwa ni kwamba chama hicho kilichukua desturi ya kyaghanda, ya kubadilishana habari za mwendo, kikaigeuza kuwa taasisi. Kilichokuwa kikijulikana kijiji kwa kijiji kilianza kujulikana kama historia ya watu wamoja.

Mwaka 1954 alifika Tom Stacey, mwandishi wa habari Mwingereza aliyekuwa bado kijana. Mukirane akawa mwongoza njia na mkalimani wake, na wawili hao wakatembea pamoja Rwenzori. Urafiki uliozaliwa katika safari hiyo ulidumu kuliko ilivyo kawaida ya mgeni na mkalimani. Tarehe 30 Juni 1962, baada ya mvutano na serikali ya Toro kuhusu haki za Wakonzo na Waamba, Rwenzururu ilitangaza kujitenga, na Mukirane akahamia mlimani kama kiongozi wake. Mwaka 1963 Waziri Mkuu Milton Obote alipotaka njia ya kuzungumza naye, aliyeombwa kupanda mlimani alikuwa Stacey. Serikali ilikuwa na polisi, ramani na maofisa. Kile ambacho haikuwa nacho ni mtu aliyewahi kutembea na Mukirane.

Stacey alimfikia rafiki yake, lakini hakufanikiwa kumshusha wala kupata mapatano. Mukirane alifariki 1966 akiwa bado mlimani, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akamrithi akiwa mtoto. Mapatano na serikali yalikuja 1982, na Rwenzururu ilitambuliwa rasmi kama taasisi ya kitamaduni mwezi wa Oktoba 2009. Urafiki wa safari, basi, ulifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa dola, lakini haukuweza kuchukua nafasi ya suluhu ya kisiasa. Washauri wa sera wanaotafuta wapatanishi wa namna hiyo leo wanapaswa kukumbuka nusu zote mbili za somo hilo.

Kuna somo la pili, la kihistoria. Stacey aliandika vitabu viwili vikubwa kuhusu urafiki huo, cha kwanza 1965 na cha pili 2003, na hivyo ndivyo vinavyomfikia msomaji wa mbali. Ndani yake Mukirane ni mtu kamili, mwenye akili, hasira na ndoto. Hata hivyo anazungumza kupitia kumbukumbu ya mwenzake. Kwa upande mwingine, Rwenzururu yenyewe iliandika sana: barua, orodha na kumbukumbu za utawala, kama alivyoonyesha mwanahistoria Derek Peterson. Kirsten Alnaes naye alichunguza nyimbo za uasi huo, ambazo ziliyabeba matukio katika umbo la kukumbukwa na wengi. Kusoma vitabu vya Stacey bila maandishi na nyimbo hizo ni kumsikiliza msafiri mmoja wakati mwenzake ameketi pembeni yake na hajaulizwa.

5.0 Reli, soko na lugha ya njiani

Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Tangu hapo aliyeondoka Bwera kwa miguu au kwa lori aliweza kupanda treni ya kuelekea Kampala na mbele yake hadi Mombasa. Mgodi uliwaleta wafanyakazi wa makabila mengi, na simulizi la safari likapata wasikilizaji wasiojua Lukonzo. Kiswahili kilitumika kambini, kituoni, sokoni na kwa madereva, huku ng'ambo ya mpaka kikiwa lugha ya kila siku ya miji ya Kongo mashariki.

Hali hiyo iliipa lugha nafasi ya pekee. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na kiliogopwa kwa sababu hiyo. Katika mpaka wa Mpondwe kilikuwa pia lugha ya bei, ya nauli na ya kuulizana habari za kutoka Beni na Butembo. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho 2005 na kukitambua kama lugha rasmi ya pili, na Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, sera zilifika mahali ambapo wasafiri walikuwa wameshafika. Hata hivyo habari za ndani, zile za kumweleza rafiki, ziliendelea kutolewa kwa Lukonzo na Kinande. Mkusanyaji wa masimulizi anayedai Kiswahili peke yake atapata bei na nauli, na atakosa hofu na utani.

6.0 Juni 2019: habari zinapoulizwa na mgeni

Mwezi wa Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha kwamba ugonjwa wa Ebola, uliokuwa ukiua watu katika Kivu Kaskazini na Ituri tangu 2018, umeingia Wilaya ya Kasese. Waliougua walikuwa wa familia moja iliyotoka Kongo baada ya kifo cha jamaa yao, na walihudumiwa katika hospitali ya Bwera. Kazi ya haraka ikawa kutafuta watu waliokutana nao. Kila kitu kilitegemea maelezo ya safari: walipita wapi, walipumzika kwa nani, walifuatana na nani, nani aliwabebea mzigo.

Haya ndiyo maswali ambayo kyaghanda huyajibu kila jioni. Lakini yanapoulizwa na mtu mwenye daftari, sura yake hubadilika. Njia isiyopita kituo cha mpaka ni jambo la kawaida kwa rafiki na ni kosa kwa ofisa. Mwenyeji aliyewapa wagonjwa maji ni mtu mwema katika simulizi la kwanza na ni mshukiwa katika la pili. Daftari la mpakani nalo limezoea kuuliza jina, atokako na aendako mtu mmojammoja. Halimuulizi amefuatana na nani. Tofauti iliyoonekana mwaka 1888 kati ya kijana aliyeonyesha mlima na kitabu kilichoandika ugunduzi imerudi hapa katika umbo jingine, na gharama yake inaweza kuhesabiwa kwa maisha ya watu.

Ukimya wa wasafiri una sababu nyingine nzito. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe. Juni 2023 watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio dhidi ya shule ya sekondari ya Lhubiriha. Katika mazingira hayo, kueleza njia kwa usahihi mbele ya mtu asiyejulikana ni kuwahatarisha wanaoitumia. Msimulizi anayenyamaza si lazima awe anaficha uhalifu. Huenda anamlinda mwenzake.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba thamani ya simulizi la safari katika mpaka wa Rwenzori inatokana na uhusiano wa wanaolitoa na wanaolisikiliza. Mwenza akiwapo, simulizi hukamilika na husahihishwa. Mwenza akiondolewa, hubaki sauti moja ambayo ama hupewa sifa kupita kiasi, kama ile ya mpelelezi, ama hutiliwa shaka kupita kiasi, kama ile ya msafiri anayehojiwa. Kutokana na hilo mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, wakusanyaji wa historia simulizi wawahoji wenzi wa safari pamoja kabla ya kuwahoji mmojammoja, na masahihisho yao kwa wao yaandikwe kama sehemu ya ushahidi. Pili, mahojiano yafanywe kwa lugha ambayo marafiki huitumia kati yao, kisha yaandikwe kwa Kiswahili ili yaweze kusomwa pande zote za mpaka. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon mjini Fort Portal, ambacho kimeshughulikia uhifadhi wa nyaraka za Kabarole, kina uzoefu unaoweza kutumika. Tatu, majina ya njia na ya wenyeji wanaotoa malazi yasichapishwe wala kukabidhiwa kwa vyombo vya usalama bila ridhaa ya wanaohusika. Mradi usioweza kutoa ahadi hiyo usianze. Nne, taarifa za afya za mpakani zikusanywe kupitia watu ambao wasafiri huwasimulia kwa hiari, wakiwamo wahudumu wa afya wa vijiji, badala ya kusubiri kituo cha ukaguzi.

Pendekezo la tatu linapingana kwa kiasi fulani na la nne, kwa kuwa daktari anahitaji kujua njia na msafiri anahitaji isijulikane. Mgongano huo hauondolewi kwa kanuni za ofisini. Wakaazi wa Nyakiyumbu na Bwera wamekuwa wakiutatua kila siku kwa kuamua nani aambiwe nini. Sera itakayofaa katika eneo hilo itabidi ianze kwa kujifunza jinsi wanavyoamua, na kwa kuhakikisha kwamba atakayewauliza habari za safari ni mtu ambaye kesho yake watamkuta palepale.